Mtaimbo wa Bujiku

Bariadi, 18 Mei 2025

Dada Wilhelmina,

Mwadila, maana huku ni jioni. Najua utaisoma hii asubuhi ukichambua mboga, basi igeuze mwenyewe iwe mwangaluka.

Kabla hujakaa chini na kushika kifua: hajafa mtu. Naandika kwa sababu simu yako haishiki mtandao mpaka upande kichuguu, na maneno niliyonayo ni mengi kuliko uvumilivu wa siafu.

Nimepata karavani. Usicheke kwanza. Ni nyumba ya bati yenye magurudumu, ile inayovutwa nyuma ya gari. Wazungu wa zamani walikuwa wanatembea nayo kama konokono. Imekaa Lalago miaka mingi nyuma ya zizi la Mzee Anatoli, imeegemea upande mmoja kama mlevi anayemsubiri rafiki. Nilipomwomba aniuzie, akaniambia niichukue siku hiyo hiyo, akaniitia na vijana wa kusukuma. Dada, sijawahi kuona vijana wanasukuma kwa moyo namna ile. Tukaifunga nyuma ya trekta, sasa iko uani kwangu, na kuku wanaizunguka kama wakaguzi.

Sababu ni Mayu, mama yetu. Madaktari wa macho wanakuja Bariadi Julai, na unajua hawaji kila siku. Akikosa safari hii, huo mtoto wa jicho utakuwa umemfunga kabisa, na tutamshika mkono mpaka kaburini. Lakini mwaka jana alipolala kwangu unakumbuka yaliyotokea: kigae chake cha makaa, zulia la Justina, kisha maneno ambayo mkwe na mkwe hawapaswi kuambiana. Mayu akaapa hatalala tena chini ya paa la mke wangu. Haya basi, karavani ina paa lake. Justina amekubali kwa sharti moja tu, moto usiingie mle ndani. Unamjua. Yule ananusa moshi kabla kiberiti hakijachanwa.

Tatizo ni fundi, na fundi ni mimi. Miaka yote hii natunza stoo ya kiwanda cha pamba. Nyundo naijua kwa kuigawa, si kwa kuipiga. Naomba sanduku la marehemu shemeji Bujiku. Nitumie chochote unachoona kinafaa kwa bati lililolegea, kutu, na mlango usiojua kufunga. Mpe kondakta Constantine, ananifahamu.

Mdogo wako asiye na aibu,
Januarius

*

Lingeka, 25 Mei 2025

Januarius, ng'wana mayu,

Mwangaluka. Nimeisoma asubuhi kweli, ila sikuwa nachambua mboga, nilikuwa namfukuza ndama kwenye choroko. Usijifanye unanijua sana.

Sanduku la Bujiku sijalifungua tangu msiba. Nilidhani nitalia. Badala yake nimepiga chafya, lilikuwa na vumbi la kutosha kupanda mtama. Nimekutumia bunduki ya ripiti na kopo la ripiti zenyewe, mkasi wa bati, brashi ya waya ya kusugulia kutu, na bunduki ya kuminyia silikoni. Silikoni nunua huko, za hapa zimekuwa mawe. Drili nimeibakiza, waya wake umeliwa na panya, nitaufunga kwanza.

Nimeweka na mtaimbo. Najua utauliza wa nini. Bujiku alikuwa hatoki kwenda kwenye kazi bila huo hata akiitwa kurekebisha kitasa. Alikuwa anasema fundi asiye na mtaimbo amejifungia ndani mwenyewe. Nilikuwa naona ni maneno ya mtu anayependa kubeba chuma.

Mayu amefurahi, ingawa anajikausha. Ameuliza kama nyumba hiyo ina mafiga. Nimemwambia haina. Akasema kipupwe cha Julai huwa kinakuja na meno.

Na wewe sema ukweli. Anatoli ninayemjua mimi hamgawii mtu hata kwato. Kwa nini alitaka hicho kitu kiondoke?

Dada yako,
Wilhelmina

*

Bariadi, 8 Juni 2025

Dada,

Vifaa vimefika salama, mimi ndiye siko salama. Kidole gumba kimepigwa, goti limechanika, na heshima yangu hapa mtaani imebaki kwenye kuta za karavani ambapo kila mpita njia anaisoma.

Brashi ya waya ndiyo mwalimu wangu. Nilisugua ukuta mmoja siku nzima nikadhani nimemaliza kutu, kumbe nilikuwa naipasha moto. Mkasi wa bati unakata vizuri ukiujulia; ukiulazimisha unakukata wewe. Lakini bunduki ya ripiti, dada, hiyo ni raha. Unaweka kipande cha bati, unachomeka, unaminya, tak! Mabati mawili yameoana mpaka kiama. Mstari wangu unayumba kama ng'ombe aliyetoka kunywa pombe ya machicha, mwanangu Nancy ameupiga picha na kuwatumia wenzake, lakini umeshika.

Kazi kubwa imekuwa matundu. Nilikuta matundu sakafuni yamewekewa wavu, na mengine juu karibu na dari. Sijui aliyeijenga alikuwa na akili gani. Labda kwao hakuna nyoka, wala malori ya pamba ya kuwatimulia vumbi. Nimeyaziba yote, bati juu, ripiti, kisha silikoni kuzunguka. Justina akapanda ngazi akamwaga ndoo ya maji juu ya paa, halikuingia hata tone. Ukifunga mlango sasa husikii hata redio ya jirani, na wewe unaijua redio ya yule jirani. Nilisimama humo ndani kwa muda nikisikiliza ule ukimya. Masikio yakawa kama yamejazwa pamba. Nikatoka haraka, sijui kwa nini. Uzee.

Mtaimbo nimecheka mpaka Justina akatoka jikoni. Mimi nataka kujenga, wewe unanipa cha kubomolea! Nimeuegesha kwenye mlango wa banda la kuku, angalau ufanye kazi ya kitasa.

Chini ya ekseli nilikuta kifurushi cha ngozi kimefungwa kwa uzi mweusi. Nilikitupa chooni. Mambo ya watu wa Lalago hayo.

Ulichouliza kuhusu Anatoli, mzee amezeeka tu, anapunguza mizigo.

Januarius, fundi wa Mungu akipenda

*

Lingeka, 16 Juni 2025

Januarius,

Mtu hafungi dawa kwenye kitu kizuri. Mimi ni Mkatoliki, nasali rozari yangu, sikuambii umwite mganga. Nakuambia uulize. Aliyefunga ule uzi alikuwa anaogopa kitu, na hofu ya watu huwa na mahali ilipoanzia hata kama wanaitaja kwa jina lisilo lake.

Na umesema Anatoli anapunguza mizigo. Ulipokuwa mdogo ukidanganya ulikuwa unaongea kwa kifupi hivyo hivyo. Habari ya kidole gumba imekula nusu ukurasa, ya Anatoli mstari mmoja.

Huku tunavuna. Mayu anafunga mzigo wake kama bibi harusi. Amekausha michembe kapu zima, anasema ni ya wajukuu, wasije wakasahau viazi kwa ajili ya chipsi. Hilo kapu hataki liguswe na mtu. Nikilisogeza ananiita jina langu lote, Wilhelmina, kama padri siku ya ubatizo.

Anauliza kila siku kama kwako kuna baridi. Hajawahi kulala bila joto tangu azaliwe, unajua, mtu wa nyumba ya nyasi. Mwandalie blanketi mbili, na moja iwe ile nzito.

Wilhelmina

*

Bariadi, 6 Julai 2025

Dada,

Imekwisha. Nimeipaka rangi ya bluu, nimepiga plaiwudi mpya ndani, nimeweka kitanda, na mlango una komeo la ndani nililolitengeneza kwa mikono hii hii, linashika mpaka unahitaji sala kulifungua. Mayu alisema anataka mlango wa kufunga mwenyewe, amepata. Nimevuta hata umeme, balbu moja. Blanketi zipo, nne.

Simu yangu usiihangaikie, imezama kwenye debe la lami. Nilikuwa naiwekea lami ile kona ya sakafu, nikaiyeyushia mle mle ndani juu ya jiko, mlango nimeufunga kwa ajili ya vumbi. Naam, jiko, na Justina alinifokea sawasawa. Alifungua mlango akanikuta nimekaa sakafuni nacheka peke yangu. Kichwa kilikuwa kinagonga kama ngoma ya mbina, miguu haina habari na mimi, na simu ilikuwa imeshaogelea. Nikatapika nyuma ya banda la kuku. Nadhani ni harufu ya rangi na lami vikichanganyika.

Ila nilipokuwa nimelala pale kwenye majani, nilipata woga, dada. Kwa hiyo sasa nakuambia nililokuficha.

Waliolala mle mara ya mwisho walikuwa wapima ardhi wawili, miaka ile ya mvua kubwa. Walikuwa wamepiga kambi kwa Anatoli. Mvua ikawafungia ndani, wakafunga mlango, wakaziba kila upenyo kwa magunia kwa sababu ya mbu na maji. Asubuhi waliitwa hawakuitika. Walikutwa wamelala kama walivyolala, hakuna jeraha, hakuna povu, nyuso zao nyekundu kama za watu waliotoka kucheza. Jiko lao lilikuwa hapo katikati na chai kwenye sufuria, hawakuimaliza. Lalago nzima ikasema wamelogwa, kwamba walipima shamba la mtu. Tangu hapo hata mbuzi hafungwi kwenye gurudumu lake.

Mimi siamini. Nilinyamaza kwa sababu Mayu akisikia hatakuja, na asipokuja macho yamekwenda. Ungefanyaje? Usimwambie. Nimemwomba katekista aje kunyunyiza maji ya baraka kesho kutwa, kimya kimya.

Mpandishe kwa Constantine tarehe tisa alfajiri, kama tulivyokubaliana kwenye simu kabla haijazama. Nitampokea stendi.

Januarius

*

Lingeka, 9 Julai 2025, mchana

YEYOTE ATAKAYEPOKEA BARUA HII, MPELEKEE JANUARIUS WA STOO YA PAMBA SASA HIVI. USISUBIRI JIONI.

Januarius,

Barua yako imefika leo saa hii, Mayu ameshaondoka alfajiri.

Kwenye kapu lake, chini ya michembe, kuna jiko. Lile dogo la bati, na mfuko wa mkaa, amelizungushia kanga ya zamani. Mimi nilimsaidia kulifunga. Aliniapisha kwa jina la baba yetu nisikuambie, kwa ajili ya Justina. Alisema, "Nitalifunika, hata moshi hawatauona, nataka kupasha mifupa tu." Nikaona huruma. Nikaona ni mambo ya mkwe na mkwe, ya zulia.

Si rangi iliyokuangusha, wewe mtoto. Si uchawi uliowaua wale wapima. Bujiku alipozungushia mabati ghala letu hakuniruhusu niingize jiko humo hata siku moja, hata nikitetemeka. Alisema mkaa unakula hewa kwanza, kisha unamla mtu, na hauna harufu ya kutisha wala maumivu. Nilidhani ni ubahili wa mkaa wake. Wewe umesema jiko, chai, magunia, na hukujisikia ulichokuwa unakisema. Nami nimekuwa nasoma habari za matundu yako tangu Juni nikicheka.

Nimepanda kichuguu. Simu yako imekufa, nayo namba ya Justina niliifuta mwaka jana kwa hasira, wala sina namba ya mtu yeyote mwingine nyumbani kwako. Bujiku angenipiga na kitu.

Kijana wa bodaboda anaiwahisha barua hii kwenye lori la pamba linalokwenda huko. Nimefunga na drili. Fungua matundu yote. Toboa mapya. Mnyang'anye lile jiko, mwambie mimi ndiye niliyesema, na anichukie mimi.

W.

*

Bariadi, 9 Julai 2025, jioni

Dada,

Nakuandikia hii Constantine aondoke nayo kesho. Mayu amefika! Ameshuka kwenye basi kama waziri, amewasalimia wapiga debe wote, na amenishika uso kwa mikono miwili kuhakikisha ni mimi. "Umenenepa," akasema. Haoni, lakini hilo kaliona.

Ungemwona alipoingia kwenye karavani. Amepapasa ukuta wote kwa vidole, amezihesabu ripiti zangu zilizopinda, akasema, "Hii umeipiga wewe, marehemu Bujiku asingefanya hivi." Halafu akakaa kitandani na kutabasamu. Ameniambia ni nyumba yake ya kwanza tangu aolewe ambayo haina mtu mwingine wa kuipangia.

Justina alimletea ugali na dagaa, wamesalimiana. Si kwa maneno mengi, lakini Mayu alimshika mkono akamwita "mwanangu." Justina aligeuka haraka akaenda kufukuza kuku ambao walikuwa wameshaingia bandani.

Mayu amegoma kuachana na kapu lake. Nimeona michembe juu juu, nikaiba mmoja, nikapigwa kofi.

Baridi imeshuka kweli, upepo unapiga bati lote la mtaa, isipokuwa lake; kule ndani kimya kabisa. Amesema amechoka na safari, asisumbuliwe mpaka atakapoamka mwenyewe. Nimesikia komeo likiingia, kaa! Limeshika vizuri.

Nimekaa hapa barazani nikiitazama kazi yangu, na kusema kweli najisikia mtu. Hata umeme wangu umefanya kazi, ingawa nadhani ile balbu niliuziwa mbovu. Dirishani kwake kuna mwanga mwekundu mwekundu, mdogo, uko chini karibu na sakafu.

Lala salama, dada.
Januarius

*

Bariadi, 27 Julai 2025

Dada Wilhelmina,

Nimejaribu kuiandika barua hii mara nyingi. Kila nikianza najikuta nimeweka mzaha kwenye mstari wa kwanza, nachana.

Justina alitoka kufagia uwanja kulipopambazuka. Mimi nilikuwa ndani nanyoa. Anasema alisimama na ufagio akanusa mkaa, kidogo sana, pale penye tundu la ufunguo, tundu pekee nililolisahau. Aliita mara mbili. Hakugonga mara ya tatu. Alikwenda banda la kuku akachukua mtaimbo, na nilipotoka na sabuni usoni nikamkuta ameshaupachika kwenye mlango wangu na anaulalia kwa uzito wake wote. Lile komeo nililokusifia liling'oka na kipande cha ukuta. Ripiti ziliruka uani kama mbaazi. Alimbeba Mayu mgongoni, yeye peke yake, yule mkwe, nami nikasimama pale nimeshika wembe.

Barua yako na drili zilifika kiwandani mchana, tukiwa hospitali. Nimeisoma mara moja tu. Usijilaumu peke yako, tugawane. Mimi nilificha maiti wawili, wewe ulificha jiko moja. Tulikuwa tunamlinda wote.

Mayu yuko hai. Anakula, anatembea, anasifia uji. Daktari alisema ile hewa imegusa kichwa, na hajui itarudisha nini na itabaki na nini. Ananiita Luhaga. Mwanzoni nilimsahihisha, nikamwambia, "Mayu, baba amefariki zamani, mimi ni Januarius." Alilia kama amepata msiba siku hiyo. Sasa simsahihishi. Macho yake watayafanyia kazi wiki ijayo, wamekubali kumsubiri. Siku ile bandeji itakapotolewa atanitazama usoni vizuri baada ya miaka yote hii, na sijui atamwona nani.

Nakurudishia bunduki ya ripiti, mkasi, brashi na bunduki ya silikoni. Ni vifaa vizuri, havina kosa. Drili naomba nibaki nayo kidogo. Karavani nimeitoboa mpaka Nancy amesema inafaa kuchujia togwa, na bado nikipata nafasi naongeza. Ndimo ninamolala mimi siku hizi, haina mlango. Mayu amehamia chumbani kwetu, analala na Justina kitanda kimoja, wamefunikwa blanketi zote nne, na jiko limekaa nje kabisa uani ambako Justina analichungulia kama mwizi.

Mtaimbo hautarudi. Justina ameuegesha kwenye mlango wa chumba ili usijifunge kwa upepo. Kila jioni nikipita kuwatakia usiku mwema, Mayu anageuza uso upande wa nyayo zangu na kuniuliza, "Luhaga, umefunga mlango?"

Nami nasimama pale mlangoni, upepo unanipiga mgongoni, mguu wangu umegusa kile chuma cha Bujiku.

"Nimefunga," namwambia. "Lala."

Mdogo wako,
Januarius